Daktari Aliyeshuka Basini

Kila Jumatatu saa nne asubuhi mashine za kiwanda cha uchapaji zilizimwa kwa ajili ya chai, lakini chai yenyewe ilikuwa kisingizio. Watu tisa walizunguka meza ya kukunjia karatasi kuijadili Falme za Ukungu, tamthilia ya televisheni yenye malkia mjane, nyoka wanaoruka na wachawi wasiokufa hata ukiwachinja. Wanane walikaa juu ya marobota ya karatasi. Kiti chenye mgongo kilikuwa cha mshona vitabu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyezisoma riwaya zote saba ambazo tamthilia ilitokana nazo.

Walimwita Kitabuni, maana hakufungua mdomo bila kusema, "Kwenye kitabu siyo hivyo." Malkia akivaa nyekundu, kwenye kitabu ni kijani. Jemadari akifa kwa upanga, kwenye kitabu alikufa kwa homa, tena polepole. Alingoja mwenzake afurahi kwanza, ndipo ammwagie maji ya baridi. Mkewe alishampiga marufuku kukaa karibu na televisheni, hivyo aliangalia akiwa amesimama mlangoni, na miguno yake bado ilisikika hadi jikoni. Lakini tusimwonee sana. Alikuwa mtu wa gundi na uzi, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Kiti kile alikipata kwa kujua kitu, na alikipenda kupita kiasi.

Silaha yake kuu ilikuwa Daktari. Katika juzuu ya tatu, alisema, anatokea daktari anayechechemea, anamtibu malkia mjane, wanapendana.

"Kaka, kule kuna barafu na nyoka," alisema mpiga chapa, mtu mnene mwenye sauti ya kushindana na mashine zake. "Huyo daktari anafikaje?"

"Kwa basi."

"Basi?"

"Ukurasa mzima. Anashuka na begi lake la ngozi. Mwandishi amevunja kuta za wakati. Nyie wa kuangalia tu hamwezi kuelewa."

Wakakubali kwa heshima. Msimu wa tatu ulipoanza, wote walimsubiri Daktari. Kipindi cha kwanza hakuja, cha tano hakuja. Kitabuni akaapa mbele yao kwamba msimu ukiisha bila Daktari, atakiachia kiti na hatatamka tena "kwenye kitabu." Msimu ukaisha. Malkia akaolewa na mchawi, mzima wa miguu yote miwili.

Ungedhani watamcheka. Wapi. Walishampenda Daktari kuliko walioonekana kwenye skrini. Mpiga chapa akagonga meza akasema kituo cha televisheni kimemkata kwa makusudi, kwa kubania gharama za basi. Kiapo kikasahauliwa, barua ya malalamiko ikaandikwa, Kitabuni akatajwa juu kabisa kama mtaalamu wa riwaya. Hadi Alhamisi ilikuwa na saini arobaini na moja, nyingine za wateja wasio na hata televisheni.

Wa mwisho kupelekewa alikuwa mama wa mapokezi. Yeye hakuwa mtu wa tamthilia. Alisoma riwaya za mapenzi, na chai alinywea dawatini kwake. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Daktari anayechechemea," alisema. "Mwenye begi la ngozi. Alishuka basini?"

"Alishuka, dada. Akamkuta mjane anaanika shuka."

"Kwangu mimi alipanda. Hakuwahi kushuka."

Akatoa kwenye droo riwaya yake, nakala ambayo Kitabuni mwenyewe aliishona miaka minne nyuma. Sura iliishia Daktari akipanda basi. Ukurasa uliofuata, yeye na mjane wana mapacha wanaoota meno. Kwa miaka minne mama huyo alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba mwandishi yule ana kina, mapenzi anamwachia msomaji ayakamilishe mwenyewe.

Kitabuni alielewa kabla hajafika kwenye meza yake. Riwaya zile saba zililetwa na mteja, yeye akajichapia nakala zake kimyakimya, akazishona siku moja na kitabu cha mama wa mapokezi. Tena alikuwa na ugonjwa wa kukata: alipenda kingo nyembamba, akapunguza juu na chini mpaka namba za kurasa na majina ya vitabu yakaishia kwenye kikapu. Kurasa thelathini na mbili za kitabu cha mama huyo zilipotea njia zikaingia juzuu ya tatu, na hazikuwa na chochote cha kuzitambulisha.

"Nirudishie kurasa zangu," alisema mama wa mapokezi. "Hayo ya saini utajua mwenyewe."

Mchana ule Kitabuni alifumua vitabu vyote viwili akavishona upya, na hajawahi kushona vizuri vile. Kisha akaisoma juzuu ya tatu bila Daktari. Ilikwenda vizuri kabisa. Mchawi alikuwa akimnyemelea malkia tangu sura ya kwanza, na Kitabuni hakuwahi kumwona. Aliona aibu akiwa peke yake.

Angeweza kunyamaza, na kiti kingebaki chake mpaka kustaafu. Lakini Jumatatu, kabla barua haijapelekwa, alisimama akaviweka vitabu viwili mezani.

"Daktari hayupo," alisema. "Nilichanganya kurasa wakati wa kushona. Kosa ni langu."

Mpiga chapa aliichukua juzuu ya tatu, akaipindua, akaikunjua katikati bila kusoma hata mstari.

"Uzi ni mpya," alisema.

"Niliishona upya Alhamisi."

"Alhamisi, barua ikiwa imekamilika. Mnaona? Kurasa zimenyofolewa." Akamtazama kwa huruma. "Watu wa televisheni wamekupa nini, kaka?"

Mama wa mapokezi aliitwa atoe ushahidi, akaambiwa yeye hata tamthilia haangalii. Barua ikapelekwa. Kitabuni akakaa kwenye robota, na mpiga chapa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusoma zaidi ya maelekezo kwenye makopo ya wino, akakivuta kiti chenye mgongo.

"Kwenye kitabu," alianza, "Daktari alishuka na mdogo wake."

Kitabuni alifungua mdomo. Akakumbuka kiapo chake, akanywa chai.