Kibofu Kisicho na Adabu

Gaudensia wa kijiji cha Tumati alizaa watoto saba bila kupiga kelele, na fisi alipoingia zizini, yeye ndiye aliyemfukuza kwa mwiko wa ugali. Kitu alichoogopa ni kicheko. Akicheka, mkojo unatoka. Akipiga chafya, unatoka. Akiinua ndoo ya maji, unatangulia wenyewe kama mgeni asiyesubiri kuaga.

Balaa lilikuwa kwaya. Yeye ni sauti ya kwanza, na kwaya yao ikifika kwenye kiitikio lazima iruke. Sasa Patriki, mwalimu wa kwaya, mwanamume ambaye hajazaa hata panya, akatangaza: baada ya mavuno, miezi mitatu ijayo, wanakwenda kuimba Katesh, na akina mama wote watavaa sketi nyeupe.

"Nyeupe?" Gaudensia aliuliza.

"Kama malaika, mama."

Malaika hawana kibofu, akawaza, akaanza dawa yake mwenyewe: kuacha maji. Kisima kikikauka kitavuja nini? Wiki nzima aliishi kwa chai. Mkojo ukawa mweusi, ukachoma, na ukaendelea kuvuja vilevile.

Mumewe, Bura, akamtazama midomo iliyopauka. "Mke wangu, hata ng'ombe hunyweshwa. Ama unakwenda zahanati, ama namwambia Patriki atafute malaika mwingine."

Akaenda. Nesi Evaline, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimwamkia shikamoo, akapima mkojo, akasikiliza bila kucheka. Akaeleza kwamba misuli inayoshikilia kibofu imelegea kwa kuzaa. Anywe maji kama kawaida, apunguze chai. Kisha mara tatu kwa siku abane kule chini kama anayezuia mkojo, ahesabu polepole mpaka tano, alegeze, abane tena, mpaka zitimie mara kumi.

"Usibane tumbo wala matako, mama. Na usizuie pumzi."

"Hesabu yote hiyo nitaikumbukaje?"

"Tafuta njia yako."

Njia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. "Salamu Maria," anabana. "Maria Mtakatifu," analegeza. Punje kumi za rozari, mibano kumi. Asubuhi, mchana, jioni. Majirani wakaona amefumba macho, uso umekaza, wakasema huyu mama ameshukiwa na Roho. Wakamchagua mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala. Hakuwasahihisha, nani aliyemwomba ushuhuda?

"Legeza uso," Bura alimnong'oneza siku moja kwenye sala, mwezi wa pili wa mazoezi ukielekea mwisho. "Unaonekana kama kuku anayetaga."

Gaudensia akapasuka kwa kicheko. Akangoja. Hakikutoka kitu. Akacheka tena, safari hii kwa makusudi, mpaka jumuiya ikapoteza fumbo lake la tatu la rozari.

Siku ya Katesh alikwenda chooni kwanza, akavaa sketi nyeupe na kitambaa kizito ndani yake, maana imani ni imani na tahadhari ni tahadhari. Kiitikio kikaja. Wenzake wakaruka, yeye miguu ikagoma. Patriki akamkodolea macho. Basi akabana kwanza, kama alivyozoea kwenye punje, ndipo akaruka. Akaruka tena. Mara ya nne alikuwa amewapita wote kwa kimo, sketi imefura kama mwavuli.

Bura alimpokea nje ya kanisa. "Vipi, kavu?"

"Tone moja limetoroka."

"Tone moja tu! Mimi meno sita yameshatoroka, na bado unanipikia makande."