Nilivyomtafsiri Babu

Unasema uhuru ulipokelewa kwetu Buha kwa moyo mmoja? Nani kakudanganya? Mimi kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza waliokuwepo, na sikuisomea popote, Kiswahili cha kutafsiria nimekiokota redioni. Kaa unisikilize.

Nilianza mwaka Kakonko inakatwa kutoka Kibondo kuwa wilaya. Mradi mmoja wa historia ulitaka mkalimani wa Kiha. Siku ya kwanza, Kasulu, Mratibu, mama mmoja mkali kutoka Dar, akanikataza kusema "anasema kwamba". Mkalimani hana mdomo wake, akaniambia. Mzee akisema "mimi", na wewe sema "mimi". Akitukana, tukana. Hupunguzi, huongezi.

Nikaona rahisi. Leo mimi ni manamba niliyerudi kutoka mkonge wa Tanga, kadi za chama cha kudai uhuru nimezishonea ndani ya kola ya koti. Kesho mimi ni mtware, mkuu mdogo chini ya mwami, mtawala wetu wa jadi, na hao manamba nawaona watoto wasio na adabu, hawataki tena kumpigia mwami makofi ya salamu. Kasulu waliniambia watu wa Kibondo walikuwa vibaraka. Kibondo wakaniambia chama kilikuwa cha watu wa pwani, kimekuja kuvunja nyumba zao. Moyo mmoja uko wapi hapo?

Halafu tukafika kwa Mzee Bukuru, Kasulu. Mdogo wake alipeleka kadi Kibondo enzi hizo, hakurudi. Mzee hakutaka kesi. Alitaka kaburi, amalize matanga kabla na yeye hajafa. Akataja jina la mtware wa huko, nikalitafsiri na lenyewe. Lilikuwa jina la babu yangu.

Babu ndiye kanilea. Hadi leo ukimtukana mbele yangu tunapigana.

Mimi na Mratibu tulimkuta uani kwake Kibondo, anaota jua. Mratibu akauliza kwa Kiswahili habari za yule kijana wa kadi, nikageuza Kiha. Babu akanitazama, akajibu taratibu kama mtu anayeniagiza maji. Kinasa sauti kinawaka. Nikamgeukia Mratibu, nikasema kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa:

"Wewe ni damu yangu. Vijana wangu walimpiga akafa, nikamzika kwenye migomba ya mama yako. Huyu mgeni mwambie nimesahau."

Mratibu akaacha kuandika. Babu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, ila uso wa yule mama aliusoma.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, babu."

"Yote?"

"Yote."

Hakunisemesha tena mpaka anaingia kaburini. Mifupa ilitolewa chini ya migomba ambayo ndizi zake tulikuwa tunazikamulia pombe ya harusi zetu. Mzee Bukuru akamzika mdogo wake, akamaliza matanga. Mimi baba zangu wadogo wakanifukuza. Babu alipozikwa nilisimama barabarani, nasikia majembe tu. Kazi nikaiacha. Wakimbizi Warundi, lugha yao ndugu ya Kiha, walipofurika mwaka 2015 wakalimani wakatafutwa kila kona, nikakataa. Sasa nauza dagaa Manyovu, mpakani. Kibondo naitwa msaliti. Kasulu, kwa hao hao niliowarudishia mtu wao, naitwa mjukuu wa muuaji.

Haya, wewe unayejua sana: ungekuwa wewe uliyelala chini ya migomba ile, ungetaka niseme nini?