Rangi ya Baridi kwa Sebule ya Karani

Révérien Nshimirimana, karani wa bandari ya Kalundu, alitaka kitu kimoja tu duniani: asichapwe fimbo tena. Watu walimwona anafunga tai na kunywa chai kwa kisahani, wakasema huyo anataka kuwa Mzungu. Uzushi mtupu! Uzungu angeupeleka wapi? Alichotaka ni kadi, ile kadi ambayo Serikali ya kikoloni iliwapa Weusi iliowaona wamestaarabika, kwa sababu mwenye kadi halazwi chini akachapwa.

Kulazwa chini alikujua. Mwaka uliotangulia askari walimkamata Uvira baada ya saa ya Weusi kuwa ndani, anatoka kumtafutia mtoto dawa ya homa. Kulipokucha wakamlaza hadharani, suruali magotini, mkewe Marie-Rose amesimama palepale na mtoto wao Generose mgongoni. Tangu siku hiyo jambo lile halikutajwa nyumbani, na Révérien hakuvua tena shati mbele ya mkewe.

Lakini kadi haikutolewa bure. Wazungu walikuja mpaka nyumbani kwako, wakafunua vyungu, wakainua shuka, wakachungulia choo. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Wageni wale sijui walimponya nani.

Pierre, karani mwenzake, alikuwa na kadi tayari. Alikuja kumpa moyo, akasimama katikati ya sebule akijipepea kwa kofia.

"Ndugu yangu, minye nakuambia kweli. Sakafu iko nyekundu, viti viko vyekundu, pazia iko rangi ya machungwa, na ukuta nao mwekundu! Muntu anatokwa jasho hajakaa bado. Weka rangi ya baridi, weye. Wazungu wakisikia joto wanakasirika bure."

Hakukosea. Nyumba ilitazama ziwa, na jua likishapanda milima ya Urundi liliingia moja kwa moja mlangoni, likapiga ile sakafu ya saruji yenye nta nyekundu, sebule nzima ikawaka. Kubadilisha sakafu au viti, hilo halikuwezekana. Kilichobaki ni ukuta.

Na ukuta, sikieni, ulikuwa na mwenyewe. Kwa akina Marie-Rose, binti akiolewa, mama yake ndiye anayekuja kumsiribia sebule kwa udongo wa kwao, kwa mikono mitupu. Bibi yule alitoka kwao Runingu juu ya lori na vikapu vya udongo mwekundu, akasiriba mpaka kucha zikamwisha. Hakukaa sana baada ya hapo, akafa.

"Baba Generose," Marie-Rose alisema, "huu ukuta iko mkono wa mama."

"Najua."

"Unajua, na unataka kuufunika?"

"Weye unataka wanilaze tena mbele yako?"

Hapo Marie-Rose akampa mgongo. Alikwenda jikoni akalia, tena kwa sauti, bila kujificha. Alipomaliza alirudi na ndoo ya maji na kitambaa, akaanza kuufuta ukuta vumbi ili upokee rangi.

Sasa rangi gani? Baridi, kwa Révérien, aliwahi kuiona mahali pamoja tu. Bwana Mkubwa wa bandari alipougua malaria, yeye ndiye aliyempelekea nyumbani karatasi za kutia sahihi, akangoja kizingitini kofia mkononi. Mle ndani viti vilikuwa vyekundu kama vyake, na zulia jekundu. Lakini ukuta! Haukuwa buluu, haukuwa kijivu. Ulikuwa na rangi ya ziwa pale mvua inapokuja kutoka kusini. Jasho lilimkauka amesimama pale pale mlangoni, na tangu hapo rangi ile haikumtoka kichwani.

Rangi ya kopo kutoka Ulaya hakuiweza. Alikwenda dukani kwa Halidi, ambaye baba zake walikuja Uvira na biashara ya ziwani na wakabaki. Wakachanganya chokaa na buluu ya kufulia, wakatia chumvi ili isichafue nguo za watu, wakapaka ubao na kuuanika juani, maana chokaa mbichi ni mwongo, rangi yake ya kweli huionyesha ikikauka.

"Haya karani, hii je?"

"Hapana. Hii iko kama joho la Bikira Maria."

"Wallahi, si wanampenda huyo Wazungu wako?"

"Wanampenda kanisani."

Halidi akacheka mpaka akashika ubavu. Walijaribu tena, ikatoka hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji. Walijaribu tena na tena, Halidi akaanza kuguna kwamba ana wateja wengine, wenye akili. Mwishowe Révérien akaomba masizi ya chungu, akayatia kwa ncha ya kidole. Ubao ulipokauka alikaa akautazama. Ndiyo yenyewe.

Udongo wa Runingu haukukubali upesi. Walipaka, wekundu ukapenya, ukuta ukawa wa waridi. Wakapaka tena, na tena, mpaka ukasalimu amri. Kisha wakavirudisha viti, na jamani, sebule ilikuwa imetulia! Wekundu uleule uliokuwa ukiwaka sasa ulikaa kwa adabu. Marie-Rose alikaa, akatazama huku na huku. "Kweli inapoza," alisema, na akamkasirikia mumewe zaidi kwa sababu ilipoza kweli.

Siku ya ukaguzi walikuja Bwana Mkubwa mwenyewe, Madamu wake, na ofisa mmoja wa Serikali. Vyungu vilikuwa safi. Shuka safi. Choo, hata nzi hakuwamo. Ofisa alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, Révérien akaanza kushusha pumzi. Ndipo Madamu alipoingia sebuleni akasimama. Akatazama ukuta, akatazama viti, uso ukamwiva.

"Rangi hii weye naona wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha.

Hapa angeweza kudanganya. Angesema ni bahati, ni Halidi, ni lolote. Lakini masikini Révérien aliona ndio wakati wake. Miaka yote si wamemwambia ajifunze kwao? Vaa kama sisi, kula kama sisi, kaa kama sisi! Akatabasamu.

"Kwenu, Madamu. Nilileta karatasi, nikaiona. Nikaipenda sana. Nikafanya kama nyinyi."

Loo! Madamu alisema maneno mengi ya Kifaransa, na Révérien, kwa bahati mbaya, alikijua Kifaransa. Alisikia kwamba Madamu aliiagiza rangi ile Ulaya, na kwamba sasa hataweza kukaa mle mwake bila kukumbuka kibanda hiki. Bwana Mkubwa hakupiga kelele. Aliuliza tu ni nani alimpa ruhusa ya kuchungulia nyumba ya Mzungu, akaamuru ukuta ule usionekane tena. Ofisa akafunga kalamu yake. Kadi ndiyo basi tena. Na kwa kuwa hakuwa na kadi, Jumatatu walimlaza chini kwa kosa la kuchungulia, palepale pa mwaka uliopita, na Marie-Rose tena amesimama.

Marie-Rose alikwenda Runingu akaleta udongo wa kwao, akasiriba mwenyewe. Udongo haukushika juu ya chokaa, ulianguka vipande vipande. Walipokwangua chokaa, udongo wa mama yake nao ukatoka, ukazolewa na kutupwa nje. Wakabaki na matofali matupu, na Révérien hakutaka kusikia habari za rangi.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inaisha, Pierre alikuja mbio na habari za redio: fimbo imeondolewa, hata kwa asiye na kadi.

"Imekwisha, ndugu yangu! Minye na weye tuko sawa sasa!"

Révérien hakuinuka kitini.

"Na zile nilizokula mbele ya mama Generose," aliuliza, "nazo wameziondoa?"

Marie-Rose, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, alichukua mtungi akashuka ziwani kuteka maji, na mtungi wenyewe ulikuwa tayari umejaa.