Hulda wa Hulda

Hulda Brekke alizaliwa katika kijiji kiitwacho Hulda, kule Dakota Kaskazini. Baba yake, mkuu wa stesheni, alimpa jina hilo kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa hapo baada ya reli kufika. Kijiji chenyewe kilipewa jina la mama wa mhandisi wa reli, mwanamke ambaye hakuwahi kutia mguu huko.

Hulda hakuolewa. Aliendesha posta ya kijiji miaka thelathini na minne, mpaka ilipofungwa, akabaki na nyumba, upepo na majirani kumi na watatu.

Mwaka 1987 kijiji kilikuwa kinatimiza miaka themanini, wala hakuna aliyekuwa na mpango wowote. Hulda akaenda maktaba ya mjini, akakaa siku tatu na vitabu vya simu vya majimbo manne, akinakili kila Hulda aliyemwona. Akapata arobaini na mmoja. Akawaandikia wote kwa mkono, akiwaalika Jumamosi ya pili ya Julai.

Orville Sandvik, kapera mzee wa nyumba ya mkabala, alimtania. "Sasa ukiita Hulda mezani, si wote watageuka?"

"Waache wageuke. Ndiyo maana nawaalika."

Majibu yalikuja kumi na moja. Saba yalitoka kwa watoto: mama alishafariki. Matatu yalilalamikia miguu. La mwisho, la Hulda Krebs wa Wisconsin, lilikuwa neno moja tu: Nitakuja. Hata hivyo Hulda alipanga viti thelathini na viwili kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, cha kila asiyejibu, cha Krebs na chake mwenyewe. Alikuwa mtu wa posta, alijua barua hupotea.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, Hulda Krebs akafika peke yake, amechoka, maana alikuwa barabarani tangu jana yake. Akasimama mlangoni akitazama viti.

"Nimekosea siku?"

"Hujakosea, Hulda. Karibu ndani."

Walikula chapati nyembamba za viazi zilizopakwa siagi na sukari, wakanywa kahawa kutoka kwenye birika kubwa la kanisa linalotumiwa misibani. Mgeni akaomba aitwe tena kwa jina lake. Hulda akamwita.

"Mume wangu aliniita Hilda miaka arobaini na miwili," mgeni alisema. "Nilimsahihisha mara moja, wiki ya harusi. Akacheka, akasema ni yale yale. Basi, nikanyamaza."

"Na watu wengine?"

"Walimfuata yeye. Nawe utaanzia wapi kuwasahihisha watu wote?"

Hulda akamwongezea kahawa. Yeye maisha yake yote alikuwa ameitwa sawasawa, ila zaidi kupitia dirisha la posta, na watu waliotaka stempu.

Alikuwa ametandika kitanda cha chumba cha juu kwa mashuka ya mama yake. Lakini saa kumi na moja jioni mgeni alisema afadhali akalale hotelini kando ya barabara kuu, apunguze safari ya kesho. Hulda hakumshikilia, akihofia kuonekana king'ang'anizi. Jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko vile viti thelathini vilivyobaki vitupu.

Wakawa wanapigiana simu Jumapili, wakizungumzia theluji na magoti. Majira ya baridi ya pili simu ikaita bila kupokewa. Mwezi uliofuata sauti ya mashine ikasema namba hiyo haitumiki. Hulda akaandika barua mbili. Hazikujibiwa wala hazikurudi, naye alijua maana yake: barua isiyo na mpokeaji hurudishwa, basi kulikuwa na mtu anazipokea.

Mwaka 1993 magoti yakakataa ngazi, akakubali kuhamia nyumba ya wazee mjini. Orville alimpakilia sanduku garini. Hulda akampa ufunguo wa nyumba.

"Nifanye nao nini?" Orville aliuliza.

"Kaa nao tu."

Akautia katika mfuko wa shati, akamfungia mlango wa gari, akamuuliza kama anasikia baridi.