Benchi la Chai ya Saa Nne

Mimi ni mtunza stoo wa halmashauri moja mkoani Shinyanga, na nina tabia ya kuuliza uliza. Mama yangu alikuwa akisema ipo siku nitawauliza wafiwa marehemu alikula nini. Kwa hiyo bosi mpya alipofika na kutangaza kwamba amekuja kuondoa uvivu, sikununa kama wenzangu. Nilitaka tu kujua huo uvivu ataukuta wapi.

Aliukuta kwenye benchi. Nyuma ya jengo letu palikuwa na kibanda cha mama wa chai, na mbele yake benchi refu la mbao. Saa nne ikifika, ofisi zote zilimwagikia pale: watu wa elimu, wa mifugo, wa afya, madereva, na mimi na funguo zangu. Tulikunywa chai ya maziwa kwa matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, na karanga za kukaanga. Tulipiga soga. Dereva mkongwe, ambaye ni mtani wangu, aliniuliza kila siku nitakufa lini ili arithi stoo. Wengine, siwatetei, walikaa mpaka chai ikakutana na chakula cha mchana.

Bosi alituchungulia kutoka dirishani siku kadhaa. Si mtu mbaya. Nimemzidi umri, na kila asubuhi alinipa shikamoo yangu bila kukosa. Lakini alichokiona pale ni watumishi wa umma wanatafuna karanga saa za kazi, na kusema kweli ndivyo ilivyokuwa. Benchi likaondolewa. Mama wa chai akaagizwa apitishe chupa ofisini, kila mtu anywe mezani kwake. Ukipita kwenye korido ulikuta kimya, watu wameinamia makaratasi. Wageni kutoka mkoani walitusifu sana.

Wakati huo stoo yangu ilikuwa na betri ya sola. Ilikuwa ya zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Didia, ambako betri ya zamani ilikufa na chumba cha kujifungulia kikabaki giza. Nesi wa pale alikuwa peke yake, binti aliyeanza kazi juzi juzi tu. Mama akishikwa uchungu usiku, yeye alimzalisha huku ameibana simu kwa meno, tochi ya simu ndiyo taa.

Alinipigia mara kwa mara. "Shikamoo dada. Betri yangu ipo?"

"Marahaba. Ipo, naiona hapa."

"Sasa mbona haiji?"

Nikamwahidi nitauliza, maana swali lisilo na jibu linanisumbua kuliko njaa. Alishaniambia wazi kwamba zahanati moja ya mtu binafsi kule Runzewe, kwa wachimba dhahabu, inamtaka. Hakutaka kwenda. Wanawake wa kijiji walishamzoea, wakimwita mayu, yaani mama, ingawa mwenyewe hajazaa. "Lakini mvua zikianza nikiwa bado gizani, dada, naondoka," alisema. "Naogopa nitaua mtu."

Nikaandika dokezo kuomba gari. Likapanda kwa bosi, likashuka limeandikwa "Shughulikia", likaenda kwa mtu wa usafirishaji, naye akaandika "Tuongee". Nikaenda tuongee, nikaambiwa yuko kwenye kikao Mwanza. Nikaandika jingine. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekataa. Kila mtu alikubali, kwa heshima kabisa, na betri ikabaki pale pale kando ya matairi. Nikawa kama mtu mwenye panya ndani ya nyumba: magunia nayaona yametobolewa, panya mwenyewe simwoni. Niliwauliza wa manunuzi, niliwauliza wa afya, nilimuuliza hata mlinzi wa geti.

Siku moja yule dereva mkongwe alikuja stoo kuchukua tairi. Gari lilikuwa na vumbi mpaka kwenye vioo.

"Unatoka wapi wewe?" nikamuuliza.

"Nimewapeleka watu wa elimu wakakague vyoo vya shule." Akakitaja kijiji. Kilikuwa kile kile cha nesi wangu.

"Umepita zahanati?"

"Nimepita mbele yake. Hata juma lile nilipita na watu wa mifugo. Nesi alikuwa mlangoni, nikampungia mkono."

Nilikasirika. Nikamwonyesha betri. "Umepita na gari tupu nyuma, na mzigo wake huu hapa. Mbona hukuniambia unakwenda upande ule?"

Aliiangalia betri, akaniangalia mimi. Hakuwa na utani siku hiyo. "Ningekuambia wapi?" akasema.

Nilikaa chini. Miaka yote ile, pale benchini, akishamaliza kuniulizia kifo changu, dereva alisema, kesho nakwenda upande fulani. Mtu wa elimu akasema, nipe nafasi. Mimi nikasema, nina katoni za dawa za huko, zipakie. Yakaisha, tukaendelea kumteta mtu. Hakuna aliyeiita kazi, hata sisi wenyewe. Tulidhani tunaiba muda wa serikali.

Nikaenda kwa bosi siku hiyo hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilimwona amevutiwa kweli, akiuliza nani alikaa karibu na nani na nani alianza kuongea.

"Kwa hiyo mama, unaniambia kile kilikuwa kikao."

"Ndiyo, mwanangu. Kikao cha matobolwa."

Akacheka. Kisha akavuta karatasi. Wazo ni zuri, akasema, lakini kikao lazima kiwe na mwenyekiti, katibu na muhtasari, la sivyo wakaguzi watatuuliza. Akaunda kamati ya uratibu wa usafiri papo hapo. Mimi akanifanya mjumbe. Ingekutana mwisho wa mwezi, mwenyekiti akirudi kutoka safari. Nilitoka pale nimechanganyikiwa, sijui nimeshinda au nimeshindwa.

Mvua za kwanza zilinyesha kabla ya kamati kukaa. Simu za nesi zilikuwa zimenyamaza, nami nikajipa moyo kwamba anavumilia. Asubuhi moja dereva akasimamisha gari mlangoni kwangu bila kuzima injini. "Nakwenda upande ule. Pakia." Sikuuliza kibali, na mimi ni mtu wa kuuliza. Nilifunga stoo nikapanda naye.

Pale zahanati alitupokea mhudumu, mama mmoja mtu mzima anayefagia na kuosha vyombo. Akasaini kupokea betri. Dereva anajua mambo ya nyaya. Akaiunganisha, akabonyeza swichi, na chumba cha kujifungulia kikawaka hadi ukaona nyufa za ukuta. Mhudumu akapiga vigelegele. Nikauliza nesi yuko wapi afurahi na sisi.

"Aliondoka Jumatatu," akasema. "Alilia, lakini aliondoka."

Nikampigia. Nilisikia kelele za mashine za kusaga mawe ya dhahabu nyuma yake. "Mdogo wangu, taa imewaka," nikamwambia, nikijua kabisa ni upuuzi.

"Wabeja, dada. Asante. Sasa nani anazalisha?"

Nikageuka. Kwenye kibaraza alikuwa ameketi mwanamke mjamzito, miguu ina matope mapya, pembeni yake beseni lenye khanga zilizokunjwa vizuri. Alikuwa amefika wakati tunahangaika na nyaya, na hakutaka kutusumbua. Alikuwa anaitazama taa kupitia mlangoni na kutabasamu. Nesi akaniuliza uchungu wake umefika wapi. Sikujua. Nikampa simu mwenyewe, wakaongea Kisukuma taratibu, na nikaona lile tabasamu linaondoka usoni mwake.

Aliponirudishia simu, nesi aliniambia neno moja tu: hospitali. Tukampandisha garini, mimi nimembebea beseni, dereva akiikimbiza njia yenye utelezi. Njiani yule mwanamke alinishika mkono kwa nguvu, akaniuliza, kama sisi watu wa serikali tulikuwa na gari hili siku zote, kwa nini tulingoja mpaka mayu wao aondoke.

Nikaanza kumsimulia habari za benchi.