Tangi Dogo, Matairi Mengi

Kasiani aliyajua magari kwa kuyatazama kutoka chini. Ujana wake aliumalizia kwenye utingo, Tunduma mpaka Kolwezi, akilala chini ya ekseli na kupika chai kando ya magurudumu. Aliporudi Kigoma alifungua kibanda cha kuziba pancha pale mteremko wa Katubuka unapoanza, na lori likipita hakuuliza limebeba nini. Tangi lenye umbo la yai lililolazwa ni petroli au dizeli. Tangi la duara kamili, ncha zimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, ni gesi, na hilo hulipi mgongo. Lipo na la tatu: jembamba, limezungukwa na pete za chuma kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, mdomo wake uko juu. Tangi dogo, matairi mengi. Hiyo ni tindikali, nzito kuliko maji, ndiyo maana tangi dogo tu linatosha kuyafanya matairi yalie.

"Mume wangu anajua kila gari," mkewe Dainess aliwaambia wateja wake, "isipokuwa la kununua."

Dainess alichemsha sabuni kwa mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi. Nusu ya mtaa ilifanya kazi hiyohiyo.

Siku ya ajali mvua ilikuwa imekatika na mitaro bado inatiririka. Lori lililokuwa likishuka bandarini kuvushwa kwenda Kongo lilishindwa breki, likapiga nguzo, likalala ubavu ng'ambo ya mtaro. Dereva alifia kwenye usukani, kifua kimebanwa. Mfuniko wa tangi ukafyatuka, na kitu kizito chenye kung'aa kikaanza kushuka taratibu kuelekea mtaroni.

Watu wakaja mbio. Wa mbele wakasimama kwanza, wakanusa. Kila mmoja alikuwa ameshaonywa redioni na kanisani kuhusu kukimbilia petroli. Mwendesha bodaboda mmoja, Nassib, hata alizima sigara yake na kuikanyaga. Harufu ya petroli haikuwapo. Na mjini kwao, kitu kizito, chenye utelezi, kisichonuka petroli, kina jina moja.

"Mise!" mtu akapiga kelele. "Mise inamwagika!"

Ndoo zikatoka kila ua.

Kasiani alikuwa chini ya gari la mteja. Alipochomoa kichwa aliziona pete za tangi, kisha akaiona kanga ya Dainess katikati ya watu. Akatoka mbio na spana ya magurudumu mkononi.

"Rudini! Hiyo ni tindikali! Rudini!"

"Mzee wa Pancha, leo umekuwa mkemia?" Nassib akacheka.

"Mkewe mchemsha sabuni," mwingine akadakia. "Anataka tuondoke ajaze mapipa yake!"

Nassib alikuwa ameshainamisha ndoo. Kasiani akamshushia spana begani. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Hapo umati ukamgeukia. Jiwe likampata mdomoni, akatema meno mawili. Teke la mbavu likamwangusha, la pili likamkuta topeni. Alitambaa kati ya miguu ya watu, akiimeza damu yake, hadi akaishika kanga.

"Kasiani, niache! Unanivua mbele za watu!"

"Dainess, usichote!"

"Yona ameshavuka, ananisubiri!"

Akajinasua, akaushusha mkono wenye ndoo mtaroni. Kasiani akaupiga mkono ule kwa chuma. Ulivunjika juu ya kifundo, na ndoo ikabingirika mbali.

Ng'ambo ya mtaro, Yona, mdogo wake Dainess, alikuwa amepiga magoti karibu na tangi. Aligeuka kwa ukelele wa dada yake.

"Shemeji! Unampiga dada yangu?"

Akaitupa ndoo yake, akaruka mtaro kumfuata. Mguu wake ulitua ukingoni penye utelezi, akaingia hadi kiunoni, mahali ambapo maji ya mvua na tindikali vilikuwa vimekutana na kuanza kuchemka kwa moshi.

"Yebabawe!" Yona akalia.

Hakuna aliyeita mise tena. Waliokuwa wakimpiga Kasiani waliangushana wakikimbia, wakakanyaga watoto. Yeye alimvuta Yona kwa kola ya shati, viganja vikiungua, huku shati likimkatikia vidoleni. Yona alifariki hospitalini kabla ya magharibi.

Msibani wengi walikuja kumshukuru Kasiani. Nassib naye alikuja, bega limefungwa, akasema, "Mzee, samahani. Ungenivunja na lingine." Dainess, mkono wake ndani ya plasta, alingoja hadi walipobaki wawili nyuma ya nyumba.

"Wote wananiambia umeniokoa."

"Ndiyo."

"Na Yona?"

"Alikuwa na ndoo, Dainess. Angechota."

"Ndoo alishaitupa. Niliona."

Kasiani naye alikuwa ameona.

"Mama anadhani mwanawe amekufa kwa tamaa ya mafuta," Dainess akasema. "Kamwambie."

Mkwe haingii chumba alimokaa mama mkwe wake. Kwao, hilo mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Kasiani alivua viatu, akavuka kizingiti. Wanawake mkekani wakageuka.

"Shikamoo, mama. Yona hakufa akichota. Nilimvunja dada yake mkono, akaja kunipiga. Alikuwa na haki."

Mama alinyanyuka kwa shida. Alimpiga kofi upande ule meno yalipotoka, kisha upande wa pili, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Damu ikamchuruzika Kasiani kidevuni. Hakuinua mkono.

"Hayo yalikuwa ya Yona," mama akasema. "Sasa toka."