Gari la Mkebe Lililofutwa Maandishi

Juzi sokoni hapa Kindu nilimkuta muuzaji wa vigari vya kuchezea akifuta chapa za kiwandani kwenye bodi zake, kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, apate kuvipaka rangi upya. Ile harufu ilinipanda kichwani, nikaondoka bila kununua kitu. Utanicheka, rafiki yangu, mtu mzima kukimbia kigari, lakini ngoja nikueleze.

Miaka ya vita tulikaa karibu na bandari, mimi, kaka yangu na bibi. Kaka alitengeneza magari kwa mikebe ya mafuta ya msaada, magurudumu akiyakata kwenye kandambili zilizochakaa. Maandishi ya mkebe tuliyaacha nje, milangoni mwa gari, kwa sababu lori la kweli halikosi maandishi. Aliponitengenezea langu, nililala nalo wiki nzima.

Kisha ghala la msaada la bandarini likavunjwa, na askari wakaanza kupekua nyumba wakitafuta mafuta yaliyoibwa. Bibi akaogopa. "Mutoto, tupa ile gari mu Lualaba. Leo leo."

Nilifika hadi majini, roho ikakataa. Nikarudi nalo kwa siri nyuma ya jiko, na bibi alipokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nikasugua maandishi kwa majivu na mchanga, kinu kikinifichia sauti ya mikwaruzo. Mwisho nikapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa. Herufi zote zikatoka, bati likang'aa. Nilijiona mjanja kweli.

Kesho yake asubuhi wakaja. Askari mmoja alilitoa gari chini ya kitanda changu, akaligeuzageuza.

"Magari ya mutaa yote iko na maandishi, batoto banaokota mikebe," alisema taratibu. "Hii moja njo imefutwa. Mwenye kufuta anaficha kitu. Nani alifuta?"

Nikaficha mikono mgongoni.

"Njo mimi," kaka akakiri badala yangu.

Wakaondoka naye kuelekea stesheni. Treni ilipopiga honi jioni, bibi alikuwa bado amesimama mlangoni. Kaka hakurudi.

Sioni tena watoto wakikata mikebe mtaani kwetu, na bibi naye ameshazikwa. Siku ile ile kaka alipochukuliwa, bibi aliviona vidole vyangu vilivyochubuka, akavipaka mawese, akavifunga kitambaa. Hakuniuliza neno mpaka anakufa. Afadhali angenichapa.